Muulize Karani: Faili langu limelala au limekufa?

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: nilipeleka ombi langu la hataza (patent, ile haki ya pekee ya mvumbuzi), sasa liko wapi? Kwa wageni wa safu hii, niseme tena kwamba mimi si wakili wala mkaguzi. Nilikuwa karani wa dayari katika ofisi ya wakala wa hataza Nairobi, yule mama ambaye mawakili humkumbuka siku ya mwisho saa tisa alasiri. Kama uvumbuzi wako ni wa maana au ni wa kuchekesha, siwezi kukuambia. Mimi najua tarehe, na maombi mengi niliyoyaona yakifa yaliuawa na tarehe hata kabla mkaguzi hajafika ukurasa wa pili.

Shikamoo mama. Mimi ni mchomaji vyuma. Nilipeleka KIPI, taasisi ya mali ya viwanda ya Kenya, ombi la hataza la mashine ya kupukuchua mahindi, ya kukanyaga kwa mguu. Nikapewa namba, na baadaye nikaletewa barua kwamba karatasi ziko sawa. Tangu hapo ni kimya, na sasa mwaka wa tatu unakaribia kuisha. Niende nikawagombeze? Kuna kijana pia ananiambia ana mtu wake wa ndani, nikitoa elfu kumi na tano litasukumwa. — Mchomaji, Nakuru

Marahaba mwanangu. Usiende kugomba, na hiyo elfu kumi na tano kanunulie vyuma.

Barua uliyopata ni ya ukaguzi wa awali. Pale wanaangalia fomu, michoro, sahihi na ada. Mashine yako yenyewe hakuna aliyeigusa. Baada ya hapo ombi hukaa hadi itimie miezi 18 tangu lilipowasilishwa, ndipo linachapishwa katika jarida la KIPI linalotoka kila mwezi. Miezi hiyo 18 si uzembe wa mtu. Ndivyo sheria ilivyo, na ofisi nyingi duniani hufuata hesabu hiyo hiyo.

Kinachonitia wasiwasi ni kile ambacho hukukitaja. Hukusema popote kwamba uliomba ukaguzi wa kina. Kwa Kenya mkaguzi haanzi kusoma madai yako, yaani yale unayotaka yalindwe kuwa yako peke yako, mpaka umwombe, kwa fomu yake na ada yake, na unapewa miaka 3 tangu tarehe ya kuwasilisha. Usipoomba, inahesabiwa kwamba umeliacha ombi lako. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba wewe unawangoja wao, nao wanakungoja wewe, na kalenda haimngoji yeyote.

Kesho asubuhi kabla hujafungua karakana, toa ile karatasi yenye namba ya ombi uangalie tarehe ya kuwasilisha. Hiyo ndiyo ya kuhesabia. Usitumie siku uliyolipa kwa simu, wala siku uliyoletewa barua ya pili. Kisha andika barua ya mistari mitatu: namba ya ombi, jina la mwombaji, swali. Uliza mambo mawili tu, yaani ombi limefika hatua gani na ada za mwaka ziko sawa au la. Hilo la pili huwaponza wengi kwa kudhani ada za mwaka huanza ukishapata cheti. Hapana. Ombi hudaiwa ada kila mwaka lingali ombi, na ukichelewa unayo miezi 6 ya kulipa pamoja na nyongeza. Barua ipeleke nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo nyumbani. Kama ukaguzi hujauomba, usingoje jibu la barua. Jaza fomu siku hiyo hiyo.

Na huyo kijana? Hali ya ombi si siri kwa mwenye ombi. Anataka kukuuzia jibu la barua ambayo ungeiandika bure. Foleni ya wakaguzi ipo kweli, sikatai, lakini huwezi kuiruka kama hata hujaingia ndani yake.

Nyie vijana mnalalamika safari ya kwenda KIPI kule Mombasa Road ni mbali. Kabla ya 1990 Mkenya aliyetaka hataza alilazimika kuipata Uingereza kwanza, kisha ndipo aje kuisajili hapa.

Mama Karani, chuo chetu kiliniombea hataza ARIPO, lile shirika la miliki ubunifu la nchi za Afrika lenye ofisi Harare, kwa kikaushio cha muhogo. Nimeletewa nakala ya ukurasa wa mbele, imejaa namba za kwenye mabano: 21, 22, 30, 54, 71, 72, 84. Nikiulizia nitaje ipi? Na ARIPO wakikubali, ina maana Tanzania imekubali? — Mtafiti, Morogoro

Zile namba ni lebo tu, na duniani kote ni zile zile, ndiyo maana unaweza kusoma ukurasa wa mbele wa hataza ya Kijapani bila kujua herufi moja. Mbele ya 21 ndipo ilipo namba ya ombi lako. Kwa ARIPO huanza na AP/P/, halafu mwaka, halafu tarakimu. Hiyo ndiyo ya kutaja kwenye kila barua na kila simu. 22 ni tarehe ya kuwasilisha. 30 ni kipaumbele: kama chuo kilitangulia kupeleka ombi BRELA, ofisi ya usajili ya Tanzania Bara, tarehe na namba ya ombi lile zitakuwa hapo. 54 ni jina la uvumbuzi. 71 ni mwombaji na 72 ni mvumbuzi. Hapo kwenye 71 na 72 simama kidogo uangalie vizuri. Jina la chuo litakuwa 71 na lako 72, na kama 72 wamekuruka au wameandika jina lako vibaya, sema sasa. Ukingoja hadi cheti kitoke utasumbuka zaidi.

Iliyobaki ni 84, orodha ya nchi zilizotajwa. Kwenye orodha hiyo ndipo kuna jibu la swali lako la pili. Ofisi ya Harare inafanya ukaguzi kwa niaba ya nchi zote ulizozitaja chini ya Itifaki ya Harare ya 1982. Ikishaamua kutoa hataza, huziarifu nchi hizo, na kila nchi ina miezi 6 ya kusema kwamba kwake haitakuwa na nguvu. Nchi ikinyamaza, imekubali. Kama TZ haimo kwenye 84, hata Harare wakupambe kwa maua, Tanzania huna kitu.

Ada za mwaka za ARIPO nazo hulipwa kwa kila nchi iliyotajwa, na mwisho wake ni siku moja kabla ya tarehe ya kuwasilisha kurudi tena. Muulize mhasibu wa chuo, kwa upole lakini kwa maandishi, nani anayelipa na ameiandika wapi. Nimeona vyuo ambako mvumbuzi anadhani ofisi ya utafiti inalipa, ofisi ya utafiti inadhani idara inalipa, na idara haijui kama kuna ombi.

Harare wakilikataa ombi, kuna miezi 3 tangu uarifiwe ambamo mwombaji anaweza kutaka lishughulikiwe kama ombi la kitaifa katika nchi iliyotajwa. Tarehe hiyo huwa haiandikwi popote kwa sababu watu wakishakataliwa hufunga faili kwa hasira. Iandike.

Habari mama. Nimeajiriwa miezi michache iliyopita katika ofisi ya mawakili. Nimekabidhiwa jedwali la Excel lenye maombi ya hataza ya nchi mbalimbali nikaambiwa "angalia zisipite". Aliyekuwepo kabla yangu ameondoka bila kunielekeza. Kila usiku naota tarehe. Nianzie wapi? — Karani mpya, Upper Hill

Mwanangu, kuota tarehe ni dalili kwamba utaiweza kazi. Wasioota ndio hatari.

Anzia kwenye bahasha na barua pepe kabla hujalifungua jedwali. Barua ikiingia, kwanza igongwe muhuri wa siku iliyofika, pili isajiliwe, tatu ndipo isomwe. Bahasha usiitupe, ishikishe nyuma ya barua kwa stepla. Wakubwa watakucheka. Chini ya kanuni za PCT, ule mkataba wa 1970 unaokuwezesha kupeleka ombi moja la kimataifa, muda huhesabiwa kutoka tarehe iliyoandikwa juu ya barua. Lakini ukithibitisha kwamba barua ilikufikia zaidi ya siku 7 baada ya tarehe hiyo, muda wako huongezwa kwa siku zilizozidi hizo 7. Utathibitisha kwa nini kama bahasha umeifungia karanga?

Pili, kila faili litafutie tarehe yake mama, na hiyo ni tarehe ya kipaumbele, yaani siku ombi la kwanza kabisa la uvumbuzi huo lilipowasilishwa. Andika kubwa, upande wa ndani wa jalada, ili mtu akifungua faili aione kabla ya kitu kingine chochote. Tuchukue ombi ambalo kipaumbele chake ni 14 Machi 2023. Miezi 12 ya Mkataba wa Paris inaishia 14 Machi 2024: hapo ndipo mwisho wa kupeleka ombi la PCT au maombi ya nchi nyingine huku ukidai kipaumbele hicho. Kisha, tangu tarehe ile ile ya kipaumbele, unahesabu miezi 30, kwa nchi nyingi, Kenya ikiwemo, uingie hatua ya kitaifa, yaani ombi la PCT lipelekwe kwenye ofisi ya nchi yenyewe. Inaangukia 14 Septemba 2025. Sasa angalia kalenda: ni Jumapili. Inasogea hadi Jumatatu tarehe 15. Kwa ARIPO na kwa Ofisi ya Hataza ya Ulaya ni miezi 31, yaani Jumanne 14 Oktoba 2025. Ombi moja, mteja mmoja, tarehe mbili tofauti. Mteja akikwambia "tunao mwezi zaidi", muulize mwezi zaidi wa wapi.

Miezi huhesabiwa kwa tarehe kufanana, si kwa siku 30. Muda wa miezi 6 unaoanza 31 Agosti huisha siku ya mwisho ya Februari, kwa sababu Februari haina 31. Kuna programu na watu wanaohesabu siku 30 kwa kila mwezi. Hesabu hiyo ikikupa tarehe ya mapema utajibu kabla ya wakati na hakuna hasara. Siku itakapokupa tarehe ya kuchelewa, utajua.

Sikukuu zinazohusika ni za ofisi unakopeleka. Zako wewe hazimhusu mtu. Harare hufunga Jumatatu ya pili ya Agosti kwa Siku ya Mashujaa, na Jumanne inayofuata kwa Siku ya Majeshi. Hapa kwetu tarehe 20 Oktoba tumelala, wao wako kazini wanapokea. Mwanzo wa kila mwaka tafuta kalenda ya kila ofisi unayoshughulika nayo uibandike ukutani. Idd iandike kwa penseli.

Sasa barua za ukaguzi zenyewe, ambazo ndizo zitakazokula muda wako. Mkaguzi akiandika kwamba dai la kwanza halina upya kwa sababu ya hataza fulani ya zamani, wewe huna haja ya kuelewa kemia. Chukua vitu vinne: tarehe ya barua, muda uliotolewa, kama muda huo unaongezeka au hauongezeki, na nani atakayejibu. Hicho cha tatu ndicho makarani husahau. Tarehe mbili zinaweza kufanana kabisa kwenye jedwali, moja ukiikosa unalipa ada ya kuchelewa, nyingine ukiikosa hakuna mlango. Mimi za namna ya pili niliziandika kwa wino mwekundu, na hakuna aliyeruhusiwa kutumia kalamu yangu nyekundu kwa jambo jingine, hata mwenye ofisi. Ile miezi 12 ya kipaumbele ni nyekundu. PCT ina kijidirisha cha miezi 2 cha kuomba kurudishiwa kipaumbele, lakini si kila ofisi inakikubali na lazima ueleze sababu, basi usimwambie wakili kwamba kipo mpaka siku atakapokihitaji.

Kwa kila tarehe ya mwisho weka nyingine tatu nyuma yake. Ya kwanza ya kumwandikia mteja, ya pili ya kumpigia simu kwa sababu hakujibu, ya tatu ya wakili kukaa chini aandike. Wateja wa nje watataka wiki kadhaa za kufikiri, na wa hapa watataka wiki kadhaa za kutafuta pesa. Wote wana haki.

Tarehe haifungwi kwa mdomo. Wakili akipita mlangoni akasema "ile nimeshatuma", mwitikie vizuri na tarehe uiache wazi. Inafungwa ukiwa na risiti ya ofisi yenye namba ya ombi na siku. Ukifunga, usifute mstari. Andika imefungwa lini, kwa ushahidi gani, na herufi za jina lako. Siku moja mtu atauliza, na huenda wewe hutakuwepo.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyenifundisha, nililijua kwa kulitazama tu. Mafaili ya uvumbuzi mmoja ni ndugu, na barua ya mmoja huzaa kazi kwa mwingine. Tuseme mkaguzi wa Harare ametaja hataza tatu za zamani dhidi ya mteja wako, na mteja huyo huyo ana ombi Marekani. Sheria ya Marekani inamtaka mwombaji amweleze mkaguzi wa kule kila anachokijua chenye uzito juu ya ombi lake. Hizo hataza tatu lazima zipelekwe, na utaratibu wao unampa nafuu anayezipeleka ndani ya miezi 3 tangu zitajwe kwenye barua ya ofisi ya nchi nyingine. Kwa hiyo barua ya Harare ikiingia, unafungua faili la Harare na faili la Marekani pia. Jedwali lako likikosa safu ya "ndugu", iongeze leo.

Excel yenyewe si mbaya. Ubaya wake ni mmoja: mtu akichagua safu moja akaipanga kwa alfabeti na nyingine akaziacha, kila mteja anapata tarehe ya mwenzake na hakuna kengele inayolia. Niliwahi kusikia yaliyozikuta ofisi zilizofanyiwa hivyo, na mkosaji hajulikani mpaka leo. Funga safu, weka nakala ya kila Ijumaa, na uchapishe tarehe za mwezi ujao kwenye karatasi. Ofisi ikikununulia programu ya kazi hii, pokea kwa shukrani, lakini programu huhesabu kutoka tarehe uliyoipa. Ukiingiza siku barua ilipofika mahali pa siku iliyoandikwa juu yake, itakupa jibu lisilo sahihi kwa maandishi mazuri sana. Ndiyo maana tarehe huingizwa na mtu mmoja na kusomwa na mwingine. Mtafute mwenzako wa kukusomea, hata kama ni mpokea wageni.

Kwa maombi ya PCT, mwombe wakili akufungulie ePCT, mfumo wa mtandaoni wa WIPO, Shirika la Miliki Ubunifu Duniani. Unaonyesha nyaraka na tarehe za mwisho za ombi hata kabla halijachapishwa. Zilinganishe na zako. Mkitofautiana, usikimbilie kusema mashine ndiyo sahihi. Rudi kwenye barua.

Mama, nilipeleka ombi la PCT na limechapishwa mwezi uliopita. Sasa nimepokea ankara yenye nembo nzuri na namba yangu kamili ya ombi, inanitaka nilipe zaidi ya dola elfu mbili kwa ajili ya "kuingizwa kwenye rejista ya kimataifa". Siku za kulipa ni chache. Nisipolipa litafutwa? — Mvumbuzi, Kigali

Usilipe hata senti. Ombi likishachapishwa, jina lako, anwani yako na namba yako viko wazi kwa dunia nzima, na wapo wanaoishi kwa kuzisoma kila wiki na kutuma ankara. Uchapishaji wa PCT hufanywa na WIPO kule Geneva na gharama yake imo ndani ya ada ya kimataifa uliyokwisha kulipa. Hakuna rejista ya pili. WIPO wenyewe wameweka kwenye tovuti yao mifano ya barua za namna hii. Tazama, huenda ukaikuta ya kwako. Ombi la PCT huwa na ada chache zinazojulikana, na wakala wako anazijua zote. Ankara yoyote isiyopitia kwake mtumie kwanza, kisha uchukue muda wako. Ankara za kweli za ofisi hazina haraka ya namna hiyo.

Dada Karani, salaam kutoka Houston. Mimi ni mtoto wa Mombasa, nahudumia wagonjwa majumbani. Nilitengeneza kifaa cha kumgeuza mgonjwa kitandani na nina ombi USPTO, ofisi ya hataza ya Marekani. Jana wakili amenitumia barua imeandikwa kwamba ni kukataliwa kwa mwisho. Nimelia. Kila nikimpigia ananitoza. Je, ndiyo basi? Na naweza kuangalia faili mwenyewe? — Mhudumu, Houston

Pole dada, futa machozi. Kule Marekani barua ya mwisho si mwisho wa ombi. Ina maana kwamba mkaguzi alishakukatalia mara moja, ukajibu, hakuridhika, na sasa haki yako ya kubadilisha madai bure imebanwa. Milango iliyobaki ni kujibu ukitumaini ataafiki marekebisho madogo, kulipa ada ili ukaguzi uendelee kwa raundi nyingine, au kukata rufaa. Wengi hupita mlango wa pili. Uupite upi ni shauri la wakili wako. Mimi nikuambie saa.

Tangu tarehe iliyo juu ya barua unayo miezi 3 bila nyongeza ya ada. Ya nne, ya tano na ya sita unaweza kuinunua, na bei hupanda kila mwezi unaoongeza. Baada ya miezi 6 hakuna cha kununua: ombi limeachwa. Kulifufua kunawezekana ukieleza kwamba ucheleweshaji wote haukuwa wa makusudi, nako kuna ada yake, si ndogo. Mwambie wakili kwamba unapenda ajibu ndani ya miezi 2 ya kwanza. Jibu lililoingia mapema hivyo, mkaguzi akikawia kulijibu, saa ya miezi 3 husogezwa hadi siku atakapotoa maelezo yake, na ada ya nyongeza huanzia hapo. Wakili atajua kwamba umesoma mahali.

Kujitazamia mwenyewe ni rahisi. Ombi likishachapishwa, ingia Patent Center, mfumo wa USPTO, andika namba ya ombi, na huhitaji akaunti. Kuna sehemu ya nyaraka, ambamo utakuta kila barua ya mkaguzi na kila jibu la wakili wako, na kuna orodha ya matukio yenye tarehe. Soma jibu la kwanza la wakili ulinganishe na alichokueleza. Halafu mpigie ukiwa na maswali matatu yaliyoandikwa, usimpigie ukiwa unalia, maana machozi nayo hutozwa.

Jambo dogo: siku huhesabiwa kwa saa za Alexandria, Virginia, walipo. Wakili wa Houston akituma saa 5:30 usiku siku ya mwisho, kule ni saa 6:30 na tarehe imeshabadilika.

Bi Karani, mshindani wangu wa mashine za kukamulia mafuta ya nazi anajitapa ana hataza. Nitajuaje? — Mfanyabiashara, Unguja

Anza na PATENTSCOPE ya WIPO na Espacenet ya Ofisi ya Ulaya, hifadhi za hataza za mtandaoni, zote bure. Tafuta kwa jina lake, jina la kampuni yake, na kwa kifaa chenyewe. Usipopata kitu usifurahi mapema, kwani ombi la chini ya miezi 18 halionekani. Ukipata, tazama herufi baada ya namba. Kwa maombi ya kimataifa, A1 ni ombi lililochapishwa pamoja na ripoti ya utafutaji, yaani orodha ya ya zamani yanayofanana nalo, A2 ni bila ripoti, na yote mawili hayajawa hataza. Mwenye A2 anayejitapa ana hataza, mwache ajitape.

Ukumbuke pia kwamba mali ya viwanda, hataza zikiwemo, si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya 2008 na ofisi yake, BPRA, kwa hiyo jibu la BRELA peke yake halikutoshi. Waandikie BPRA ukitaja namba. Na ukikuta ombi lake limeandikwa kwamba limeachwa katika nchi moja, fungua ukurasa wa familia kwenye Espacenet uone nchi nyingine zilizobaki hai kabla hujaagiza mashine kutoka huko.